Gore angechukua Florida 2000, sisi huku Uganda tungekuwa wapi leo?

Kijana_wa_Kireka

Wakuu habari za jioni, kuna swali linanisumbua na nataka watu wanaojua historia wanisaidie, wale wa matusi naomba mpite kimya kimya.

Mnaukumbuka uchaguzi wa Marekani wa 2000, Bush mdogo na Al Gore, aliyekuwa makamu wa Clinton. Kwa waliozaliwa juzi: nchi nzima Gore alimzidi Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni, lakini kule rais hapatikani kwa jumla ya kura, kila jimbo lina kura zake za wajumbe na mwenye kufikisha 270 ndo anachukua. Ikabaki Florida peke yake. Wakahesabu, wakarudia, wakakimbilia kortini, dunia nzima inangoja zaidi ya mwezi, mpaka 12 Desemba Mahakama ya Juu yao ikasema basi acheni kuhesabu, majaji 5 kwa 4. Bush akapewa Florida kwa kura 537. Mia tano thelathini na saba banange! Hao kwenye mtaa mmoja tu wa Kireka unawapata. Jumla ya wajumbe ikawa 271 kwa 266.

Sasa mimi siulizi ya Wamarekani, yao wameshayajadili mpaka yamechacha. Nauliza ya kwetu. Tuseme ile karatasi ya kura iliyowachanganya watu kaunti ya Palm Beach, Florida, ilichapishwa vizuri na Gore akaapishwa Januari 2001, Uganda ingebadilika nini? Mimi naona tungekuwa mbali sana. Iraq isingepigwa, vijana wetu wasingeenda kulinda mageti ya kambi za watu jangwani, na huyo Gore ni mtu wa mazingira kwa hiyo pengine hata barafu ya Rwenzori ingekuwa na nafuu. Halafu urafiki wa Clinton na Afrika ungeendelea, si mnakumbuka alivyokuja hapa Machi 1998 mpaka akafika shule ya Kisowera kule Mukono.

Jamaa yangu mmoja anasema naota mchana, eti Marekani ni ile ile akae nani. Mnasemaje?

Mdaku_wa_Malaba

Sisi uchaguzi wa LC1 (wenyeviti wa vijiji) 2018 tulipanga mstari nyuma ya mtu, hakuna karatasi hakuna kutoboa, unahesabu vichwa unaenda kunywa chai. Wangekuja kuuliza Malaba hii mada isingekuwepo 😂😂

Hesabu_Tupu

Mleta mada umeanza vizuri ila umeifanya Florida ndo mlango pekee, siyo. Gore alianguka nyumbani kwao Tennessee, jimbo lililompeleka Seneti yeye na baba yake kabla yake, lina wajumbe 11, angelichukua hilo tu Florida wangebaki na karatasi zao wazitobowe mpaka Pasaka. Au New Hampshire, wajumbe 4 tu, Bush alimpita pale kwa kura 7,211 na mgombea wa tatu Ralph Nader akaondoka na zaidi ya 22,000. Hao 4 wangetosha. Kwa hiyo ukitaka kumpa Gore ushindi una pa kuchagua.

Lakini tubaki Florida maana ndo tamu, na hiyo karatasi watu wanaitaja bila kuijua. Wagombea walikuwa kumi. Palm Beach imejaa wastaafu, msimamizi wa uchaguzi wa kaunti akaona wazee macho yao mabovu nikuze maandishi, akayakuza, majina yakawa hayaenei upande mmoja. Ikabidi yagawanywe kushoto na kulia kama daftari lililofunuliwa, na matundu ya kutoboa yakakaa katikati kwenye mstari mmoja wa wima. Upande wa kushoto Bush ni wa kwanza, Gore wa pili. Lakini tundu la pili si la Gore! Ni la Pat Buchanan aliye upande wa kulia, la Gore ni la tatu. Kuna kimshale kidogo kinaonyesha, lakini bibi wa miaka themanini ameona jina la pili anatoboa la pili, imeisha. Buchanan akavuna 3,407 kwenye kaunti hiyo, na mwenyewe alisema kwenye televisheni kwamba nyingi hazikuwa zake. Wengine wakashtuka wakatoboa na la Gore juu yake, kura zaidi ya 19,000 zikatupwa kwa kutobolewa mara mbili. Ukumbuke Gore anatafuta 538 tu ampite Bush.

Na nia nzuri kabisa, alitaka kuwasaidia wazee waone!

Sisi huku karatasi ina sura ya mtu, unaweka alama mbele ya sura unayoijua. Matatizo yetu ni mengine na hayaanzii kwenye karatasi.

Kitu kingine, mawakili wa Gore waliomba kuhesabu upya kwa mkono kaunti nne tu zile wanazopendwa. 2001 magazeti makubwa yakaungana yakazikagua kura zilizokataliwa, ikaonekana kwa kaunti nne alizoomba Bush bado anashinda, ila ukichukua jimbo zima na kura zote zilizotupwa Gore anapita kwa uchembe. Yaani aliomba kidogo kuliko alichohitaji. Mimi historia yangu mbadala ningeianzia hapo, kwenye kikao cha mawakili, siyo kwa mchapishaji.

Kijana_wa_Kireka

@Hesabu_Tupu heshima mkuu. Haya tumempa, ameapishwa. Sasa Uganda?

Sista_wa_Mbale

Mdogo wangu wa Kireka nimekusoma vizuri na naona moyo wako ni mzuri, lakini mimi miaka hiyo nilikuwa nesi kwenye kliniki ya wagonjwa wa ukimwi kwa hiyo vumilia, itakuwa ndefu.

Dawa za ARV Uganda zilikuwepo kabla ya Bush, ila zilikuwa za mwenye nacho. Mwishoni mwa miaka ya tisini mtu mmoja kwa mwaka mmoja ni zaidi ya dola 10,000, nani ana hizo. Halafu Dkt. Peter Mugyenyi wa JCRC, kituo cha utafiti wa ukimwi Kampala, akaanza kuleta za kampuni ya Cipla kutoka India, na Februari 2001 Cipla wakatangaza wanaweza kuwauzia mashirika ya hisani kwa dola 350 kwa mwaka. Watu dunia nzima wakapiga makofi. Kwa mkulima wa Bugisu hiyo bado ni ng'ombe, na ng'ombe akiisha ni shamba.

Kulikuwa na baba mmoja alikuwa anakuja na pesa kwenye bahasha ya kaki, noti ndogo ndogo zimekunjwa, ananunua za mtu mmoja, na mimi najua nyumbani wako wawili wote wamepimwa. Siku moja nikamuuliza baba hizi anameza nani. Akaniambia bila kuficha, mwezi huu mimi, mwezi ujao mama watoto. Nikakaa naye chini nikamweleza kwamba hivyo mnamfundisha mdudu kuizoea dawa, mtakosa wote, afadhali ameze mmoja bila kukatisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema sawa sista, basi wewe chagua nani. Hiyo ilikuwa kazi yetu jamani, hatukufundishwa shuleni.

Januari 2003 Bush akatoa hotuba ya hali ya taifa akataja dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Mugyenyi wetu huyo huyo ameketishwa kule juu pamoja na mke wa rais. Tarehe 11 Julai akatua Entebbe masaa machache akaenda kuwaona watu wa TASO, shirika letu la kusaidia wenye ukimwi. 2004 za bure zikaanza kuingia. Mama watoto aliziwahi, anameza mpaka leo na wajukuu anao. Mzee hakuziwahi.

Sasa mtu aniambie Gore angefanya hivyo. Siyo kwamba hakujali. Tarehe 10 Januari 2000 ni yeye aliyekalia kiti pale Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa walipoujadili ukimwi Afrika, na ilikuwa mara ya kwanza baraza hilo kukaa kujadili ugonjwa. Lakini huyo huyo, Juni 1999 alipokuwa anatangaza kugombea kwao Carthage, wanaharakati walimzomea kwa sababu serikali yake ilikuwa inaibana Afrika Kusini isitengeneze wala kununua dawa za bei nafuu. Baadaye Clinton akalegeza kwa amri ya Mei 2000, ni kweli, lakini walizomewa kwanza.

Tena mimi naona Gore pesa angezipitisha Global Fund, ule mfuko wa dunia wa ukimwi, kifua kikuu na malaria ulioanza Januari 2002 baada ya Kofi Annan kuomba kule Abuja, maana watu wa upande wake wanapenda kushirikiana na dunia. Sasa kumbukeni Agosti 2005 Global Fund walisimamisha misaada yao yote ya Uganda kwa sababu ya jinsi pesa zilivyokuwa zinaliwa, mpaka ikaundwa tume ya Jaji Ogoola. Miezi ile sisi kliniki tulipumua kwa sababu PEPFAR, mpango huo wa Bush, ilikuwa na mfereji wake peke yake. Tungekuwa na mfereji mmoja tu?

Iraq naichukia kama wewe. Lakini ukimpa Gore hizo kura 538 ujue na hivyo vidonge unavirudisha.

Mwanaharakati_Jinja

Sista nakuheshimu sana ila umempaka Bush mafuta mengi. Hizo pesa zilikuja na masharti, theluthi moja ya pesa za kinga lazima iende kwenye kuhubiri kusubiri mpaka ndoa. Uganda tulikuwa na mafundisho yetu yaliyoshusha maambukizi miaka ya tisini kabla hata Bush hajajua Entebbe iko wapi, na kondomu zilikuwa ndani yake. Ghafla 2004 na 2005 kondomu zikapotea madukani, walokole wakapanda majukwaani, mnakumbuka. Gore asingetuwekea hilo sharti. Dawa zingechelewa labda lakini kinga isingeharibiwa.

Na mwaka huo huo wa 2005 Bunge letu likaondoa ukomo wa mihula ya rais. Bush alikuwa anahitaji rafiki wa vita vyake, angesema nini?

Sista_wa_Mbale

@Mwanaharakati_Jinja la sharti sibishi, tulilipigia kelele hata sisi wa ndani. Lakini neno "zingechelewa labda" limekutoka haraka sana ndugu yangu. Zingechelewa kwa nani?

Hesabu_Tupu

Naongeza mbao kwenye nyumba ya sista. Watu wanasahau kwamba Joe Lieberman mgombea mwenza wa Gore alikuwa anagombea useneta wa Connecticut siku hiyo hiyo, na akaupata. Seneti ikatoka 50 kwa 50. Sasa Gore akishinda Lieberman anakuwa makamu wa rais, kiti kinabaki wazi, anayejaza ni gavana John Rowland ambaye ni Republican, chama cha Bush. Maana yake Seneti 51 kwa 49 upande wa wapinzani wa Gore na bunge la wawakilishi nalo tayari ni lao. Huyo rais wenu angeomba bilioni 15 za Afrika kwa nani? Bush alizipata kwa sababu aliomba kwa watu wake mwenyewe, makanisa ya kiinjili yakiwa yanasukuma nyuma, mpaka seneta Jesse Helms aliyekuwa anaichukia misaada ya nje maisha yake yote akageuka 2002. Helms asingegeuka kwa ajili ya Gore hata siku moja.

Kwa la mihula, mbona Clinton na watu wake ndo waliokuwa wanamsifu mzee wetu Museveni kwamba ni kiongozi wa kizazi kipya cha Afrika? Gore alikuwa kwenye serikali hiyo hiyo. Jinja usitudanganye.

Afande_Mstaafu_Bombo

Watoto mnaongea Gore utafikiri alikuwa padre. Mimi nimevaa magwanda miaka mingi na nimefuatilia hawa watu redioni usiku kucha, nisikilizeni. Januari 1991 Seneti yao ilipopiga kura ya kwenda kumtoa Saddam Kuwait, kura 52 kwa 47, Wademokrati waliokubali vita walikuwa kumi tu na Gore alikuwa mmoja wao. Lieberman mwingine. 1998 Clinton akasaini sheria kabisa inayosema sera ya Marekani ni Saddam aondoke, Desemba hiyo akaitandika Baghdad makombora siku nne. Agosti mwaka huo huo baada ya mabomu ya Nairobi na Dar wakapiga kiwanda cha dawa Khartoum. Sasa hapo nani mpole?

Ila nitasema haki, Septemba 2002 Gore alisimama San Francisco akaipinga Iraq waziwazi wakati wenzake wengi wamejikunyata. Kwa hiyo mimi nakubali Iraq ya 2003 kwa Gore isingekuwepo, Afghanistan ingekuwepo, maana ile Septemba 11 hata angekuwa nani pale White House lazima angeenda kumtafuta bin Laden. Wako wanaosema Gore angeizuia kwa sababu angekuwa ameshazoea mafaili ya bin Laden, na ni kweli tarehe 6 Agosti 2001 Bush aliletewa karatasi ya kumwonya kwamba jamaa anataka kupiga ndani ya Marekani. Karatasi kupata na kuifanyia kazi ni vitu viwili, mimi nimekaa ofisi za jeshi nazijua karatasi.

Sasa hawa vijana wa Iraq mnaowahurumia. Mpwa wangu alikwenda 2006. Siku ya usaili walipanga foleni tangu usiku, kila mtu na bahasha ya vyeti vya jeshi mkononi, wengine walimu kabisa wameacha chaki, wakakimbizwa uwanjani kama kuruta, wakaulizwa kufungua bunduki na kuifunga wamefumba macho. Mwanzoni mshahara uliokuwa unasemwa ni dola elfu moja kwa mwezi, wewe fikiria mtu anatoka kulinda duka hapa Kampala kwa shilingi elfu sabini. Akasimama kwenye geti la kambi masaa kumi na mbili, joto linapika kofia, kazi yake kukagua magari chini kwa kioo. Kampuni yake siitaji, ilimkata pesa katikati ya mkataba na pasipoti wakaishika wao, wakawaambia asiyetaka arudi kwa nauli yake. Akamaliza akarudi. Leo ana nyumba ya matofali Luwero, watoto watatu wamemaliza sekondari, na usingizi hana. Mwulize kama anataka Gore ashinde, atakuuliza kwanza nyumba inabaki au inaondoka.

Uganda tulikuwa kwenye ile orodha ya Bush ya nchi zilizomuunga mkono Machi 2003, jeshi letu halikwenda lakini mlango ukafunguka kwa raia. Bila orodha ile hakuna hizo kazi, na bila hizo kazi nina watu kijijini wangekuwa bado wanakopa chumvi. Siyo kwamba ilikuwa vizuri. Nasema mkifuta mjue mnafuta nini.

Wa_Gulu

Heshima yako afande, lakini umezunguka Baghdad na Khartoum umeruka Gulu, au ni mbali?

Watu wanasema Bush alitusaidia na Kony. Desemba 2001 Marekani ikaiweka LRA, jeshi lake la waasi, kwenye orodha ya magaidi, Khartoum baada ya Septemba 11 ikaogopa kupigwa, ikakubali jeshi letu livuke mpaka, Machi 2002 mkaanza Operesheni Iron Fist. Matokeo? Mliwafukuza kule wakarudi huku. 2003 wakafika Lango na Teso ambako hawakuwahi kufika namna ile, Februari 2004 wakachinja watu Barlonyo. Kufikia 2005 watu karibu milioni mbili walikuwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Kwa hiyo hiyo Florida yenu ingeenda kwa Gore, Khartoum isingeogopa vile, mngekosa ruhusa ya kuvuka, na pengine Barlonyo wangekuwa hai. Pengine. Au Kony angeendelea kupewa silaha na Sudan miaka kumi zaidi, hilo nalo nimelifikiria, na John Garang wa Sudan Kusini asingepata amani yake na Khartoum ya Januari 2005 kwa sababu ni Bush aliyewatumia mjumbe wake Danforth.

Lakini kambi zilianza 1996. Clinton ofisini, Gore makamu wake, wakituita mfano wa kuigwa. Mama yangu alipewa masaa 48 kuhama, na amri haikutoka Florida.

Afande_Mstaafu_Bombo

@Wa_Gulu mwanangu, nimekusikia. Hapo sina jibu la kuandika mtandaoni, tukikutana tutaongea.

Wakili_Mtarajiwa

Mimi kilichonigusa ni majaji. 5 kwa 4 Desemba 2000 Washington, halafu Aprili 2001 Kampala petisheni ya Besigye ya kupinga ushindi wa Museveni, Mahakama ya Juu ikaitupa 3 kwa 2. Wetu wote walikubali sheria ilivunjwa, wakatofautiana kama makosa yaligusa matokeo kwa kiasi cha kutosha, Oder na Tsekooko wakasema yaligusa. 2006 tena 4 kwa 3. Sasa fikiria Marekani wangesema endeleeni kuhesabu hata ichukue mwezi mwingine, na aliyetangazwa kwanza akaonekana siye. Sisemi majaji wetu wangeiga, hatufungwi na kesi za kule, na wale wa Washington wenyewe waliandika kwamba uamuzi wao ni wa kesi hiyo tu usichukuliwe mfano. Lakini miezi minne baadaye mawakili wetu wangeingia kortini na hadithi nyingine kabisa mkononi. Kenya walifuta uchaguzi wa rais 2017, angalau ukanda huu tumeshaona inawezekana.

Mdaku_wa_Malaba

Mstari. Narudia, mstari. Hakimu anakuja kuhesabu vichwa.

Binti_Kasese

Mleta mada umeitaja barafu yetu, asante, lakini Gore asingeiokoa. Alikwenda Kyoto 1997 kwenye mkataba wa kupunguza hewa chafu, Marekani ikasaini 1998, ila Julai 1997 Seneti ilikuwa imeshapiga kura 95 kwa 0 kwamba mkataba usiozibana nchi zinazoendelea wao hawautaki. Sifuri jamani! Hata Wademokrati wenzake. Bush 2001 aliuzika mkataba ambao Clinton hakuwahi hata kuupeleka Seneti. Na barafu ya Rwenzori imekuwa ikipungua tangu siku za babu zetu, miaka minane ya Gore isingeirudisha. Mei 2013 mto Nyamwamba ulipotoka kingoni ukaingia mpaka hospitali ya Kilembe hakuna aliyemlaumu rais wa Marekani, tulikuwa tunatafuta magodoro.

Ila nitamkubali kwa moja, angalau angekuwa analitaja jambo lenyewe akiwa na cheo.

Kijana_wa_Kireka

Dah, nilikuja na Gore wangu msafi mmemvua nguo zote 😂 Lakini hakuna aliyegusa Obama. Gore akikaa miaka minane, 2008 Obama si anaingia tu vilevile?

Hesabu_Tupu

Haingii! Hapo ndo utamu wenyewe. Obama alimpiga Hillary 2008 kwa silaha moja kubwa, kwamba Oktoba 2002 kule Chicago alisimama akaipinga vita ya Iraq wakati Hillary alipiga kura ya kuikubali. Ondoa Iraq, Obama anabaki seneta kijana wa Illinois mwenye sauti nzuri. Ile sikukuu ya Kenya ya 6 Novemba 2008 haipo, matisheti ya Obama tuliyovaa hapa hayapo, na wale askari wake mia moja wa kumtafuta Kony wa 2011 hawapo.

Na miaka minane ya Gore yenyewe siioni. Wademokrati wangekuwa wameshakaa tangu 1993, 2004 watu wamechoka, uchumi ulianguka 2001, Septemba 11 imetokea mikononi mwake na Kongresi ya wapinzani inamchunguza kila wiki. Anayesimama kumkabili kwa Republican ni nani? Mimi naweka seneta John McCain. Na McCain ni mmoja wa waliokuwa wanaisukuma ile sheria ya 1998 ya kumtoa Saddam. Kwa hiyo anaapishwa Januari 2005, 2006 yuko Baghdad. Mpwa wa afande anapanga foleni ile ile, labda amechelewa miaka miwili mitatu.

Sista_wa_Mbale

Na vidonge?

Hesabu_Tupu

Sista hapo ndo penyewe. McCain angeweza kuzipitisha, Kongresi ni ya kwao, makanisa yapo. Lakini anaingia 2005, sheria 2006, dawa zinafika Mbale 2007.

Sista_wa_Mbale

Basi mama watoto umemuua, na wengine wengi ninaowajua kwa majina. Mimi kura yangu ya Palm Beach naiacha kwa Buchanan.

Mwanaharakati_Jinja

😂😂 Sista! Mimi bado nakataa, mnampa Bush sifa ya kazi ambayo wanaharakati waliifanya kwa miaka mitano barabarani, rais yeyote wa 2003 angebanwa afanye kitu, bei ya dawa ilikuwa imeshaanguka. Ila nimeisoma hiyo ya Lieberman na kiti cha Connecticut mara mbili, sikuwa naijua, na inanikera.

Kijana_wa_Kireka

Asanteni wakubwa. Kesho naleta nyingine, Carter angembwaga Reagan Novemba 1980, je ule uchaguzi wetu wa Desemba 1980 wa Obote ungekuwaje?

Afande_Mstaafu_Bombo

Hiyo usiilete. Mimi nilikuwepo, na humu kuna watu wa pande zote, mtapigana.

Mdaku_wa_Malaba

Ilete.